Faili Halijafika Mpaka Lipokewe: Ushauri kwa Makarani na Waandishi wa Programu wa Nchi ya Chai

Katika nchi ya chai, tangu Ainamoi na Kapsoit hadi Litein, na kuvuka hadi Mogogosiek, Silibwet na Sotik, hapana jambo linalofuatwa kwa macho makali kuliko uzito wa majani mabichi. Maana mkulima aliyerauka alfajiri, akachuma majani mawili na kichipukizi chake hadi kikapu kikajaa, akakitwika hadi kituo cha kununulia, hana ushahidi mwingine wa jasho lake ila ile tarakimu iliyosomwa mizanini mbele ya karani. Zamani tarakimu hiyo ilikaa daftarini na katika kijikaratasi alichopewa mkulima aende nacho nyumbani. Siku hizi, katika vituo vingi, mizani ni ya kielektroniki, risiti hutoka kwa mashine, na tarakimu zenyewe hukusanyika ndani ya faili la kompyuta ambalo sharti lifike penye seva, likajumlishwe na mafaili ya vituo vingine, ndipo malipo ya mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka vipate kukokotolewa kwa haki. Makala haya yahusu safari hiyo ya faili, toka kompyuta ya kituoni hadi seva ya mbali, na namna ya kuikabidhi safari hiyo kwa skripti.

Nawaandikia hasa vijana walioajiriwa na vyama vidogo vya wakulima, na viwanda vya watu binafsi, na vyama vya akiba na mikopo, ambao wamesoma katika Chuo Kikuu cha Kabianga, au katika vyuo vya ufundi vilivyo karibu nao, kiasi cha programu kinachotosha kuanzia, kisha siku ya kwanza kazini mwenyekiti akawaambia, "Hebu tutengenezee kitu cha kupeleka hizi rekodi Nairobi." Maneno ni machache na kazi yaonekana ndogo, na kweli, mistari kumi ya Python yatosha kulifikisha faili kwenye seva siku ambayo umeme upo, mtandao upo, na mbingu imetulia. Ushauri wangu wote wahusu siku zilizosalia.

Kwanza yafaa tukubaliane kwa nini skripti, wala si mkono wa karani. Karani aweza, pasipo shaka, kufungua kivinjari kila jioni, akalichagua faili la siku na kulipakia mwenyewe, na kwa juma la kwanza atafanya hivyo kwa bidii. Lakini lori likichelewa hadi usiku, ama mvua ya mawe ikimfungia kibandani, ama akiugua na kazi ikamwangukia mtu asiyejua nenosiri, siku moja itapita bila faili, na aghalabu hapana atakayetambua hadi mwisho wa mwezi, mkulima atakapokuja na risiti zake mkononi kuuliza kilo zake zimekwenda wapi. Skripti hupangiwa saa yake, kwa cron katika Linux ama kwa ratiba ya kazi iliyomo ndani ya Windows, ikaamka yenyewe pasipo kukumbushwa.

Juu ya lugha ya kuandikia sioni haja ya ubishi mrefu. Perl, iliyotolewa mwaka 1987, imefanya kazi hii miaka mingi na bado yaifanya. PHP, iliyotokana na kazi ya Rasmus Lerdorf katika miaka ya 1994 na 1995, imejaa katika seva za kukodi za bei nafuu. Na Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ndiyo ninayoipendekeza kwa upande wa anayepeleka, kwa sababu husomeka kwa wepesi na mtu atakayeirithi kazi baada yako, na kwa sababu zana nyingi za shughuli hii zimo ndani yake tangu siku ya kuisakinisha. Asiyeipenda na aandike kwa anachokijua vizuri. Mashaka nitakayoyataja hayachagui lugha.

Uchaguzi wenye uzito ni wa itifaki. Itifaki kongwe ya kuhamisha mafaili ni FTP, ambayo Abhay Bhushan wa MIT aliiandika mwaka 1971, nayo ikapata sura yake iliyozoeleka katika waraka wa mwaka 1985. Ilizaliwa katika zama ambazo mtandao ulikuwa wa watu wachache waliojuana, na kwa hiyo haikuona vibaya kupitisha jina na nenosiri waziwazi, herufi kwa herufi, mbele ya yeyote aliyekaa njiani akisikiliza. Mwaka 1995, baada ya manenosiri kunaswa kwa namna hiyo hiyo katika mtandao wa chuo kikuu chake huko Helsinki, Tatu Ylönen alibuni SSH, ambayo huyasimba mawasiliano kabla jina na nenosiri havijapita. Na ndani ya SSH hupita SFTP, itifaki ya mafaili ipitiayo mlango namba 22, isiyo na undugu wa damu na FTP ijapokuwa majina yafanana. Hukumu yangu ni fupi: anayekukodishia seva akikupa SFTP, itwae, akikuambia kwamba ana FTP tupu na hana jingine, tafuta mwenye seva mwingine, maana kinachopita humo ni majina na hesabu za fedha za watu.

Hata hivyo huenda ukakuta ofisi iliyokwisha kufungwa na FTP kwa mkataba, na hapo kuna tahadhari moja isiyosahaulika. FTP ina hali mbili za kupeleka, ya maandishi na ya baiti tupu, na ile ya maandishi huzigeuza alama za mwisho wa mstari kadiri mashine mbili zinavyotofautiana. Faili la tarakimu laweza kusalimika, lakini picha ya risiti ama faili lililobanwa kwa zip litafika limeharibika huku programu ikitangaza ushindi. Katika ftplib ya Python, basi, tumia storbinary kwa kila kitu na uisahau storlines, na faili lenyewe ulifungue kwa hali ya baiti.

Sasa tuingie kwenye kiini. Mwandishi aliye Nairobi, ama Bengaluru, anapoandika mfano wa kupakia faili, huandika kana kwamba njia i wazi daima. Ilhali anayefanya kazi Kericho anajua kwamba karibu kila alasiri ya msimu wa mvua mawingu yanayosukumwa na pepo za Ziwa Viktoria hupanda hadi kwenye mashamba, ngurumo zikaanza, mawe yakaanguka juu ya majani, na umeme ukakatika bila kuaga. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ya Kenya ilikaa gizani. Tarehe 12 Mei 2024 umeme ulikuwapo na minara ya simu ilisimama wima, lakini nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipatwa na hitilafu, na mtandao wa Afrika Mashariki ukazorota. Na siku kama hiyo chama ambacho seva yake iko Ulaya huona taabu, ilhali kile ambacho seva yake iko Nairobi chaweza kuendelea kupakia kama kawaida, kwa sababu data ya ndani ya nchi ina njia yake kupitia kituo cha kubadilishana mitandao, KIXP. Kwa hiyo anayeweza kukodi seva iliyo ndani ya Kenya, na aikodi, hata kama bei yazidi kidogo.

Sasa zingatia jinsi umeme unavyokatika katikati ya upakiaji. Faili la kituo lilikuwa na mistari 800. Mistari 500 imekwisha kufika na 300 imebaki. Kwenye seva kuna programu nyingine ambayo kila robo saa hupita katika folda, ikayasoma mafaili mapya na kuyaingiza hesabuni. Nayo haina habari kwamba faili ni nusu. Itaingiza mistari 500, italifunga faili, na wakulima 300 wa mwisho wa orodha watahesabiwa kuwa hawakuchuma kitu siku hiyo, pasipo onyo wala kelele. Hitilafu ya namna hii ni mbaya kuliko faili kutofika kabisa, maana faili lililokosekana huulizwa, na nusu ya faili hufanana na faili zima.

Dawa yake ni nyepesi na imejulikana kwa miongo mingi, nami nashangaa jinsi wengi wanavyoipita. Lipakie faili kwa jina la muda, tuseme lenye kiambishi .part mwishoni, na uifunze programu ya seva isiguse kamwe jina la namna hiyo; kisha faili likishafika lote na kuthibitishwa, libadilishe jina liwe lile la kudumu. Kubadilisha jina ndani ya diski moja ni tendo ambalo ama limetendeka lote ama halikutendeka, halina nusu. Kwa hiyo msomaji wa upande wa pili hawezi kuliona faili kabla halijatimia. Anayetumia paramiko, maktaba ya Python inayozungumza SSH, ajue kwamba rename yake hukataa ikiwa jina la kudumu limekwisha kuwapo, na posix_rename hulifunika lililopo. Na mimi ningechagua ile inayokataa, kwa sababu nitakayoieleza.

Kuthibitishwa huko nilikokutaja ndiko roho ya kazi. Majani mabichi hupimwa kituoni, kisha hupimwa tena yafikapo kiwandani, na tofauti ya vipimo viwili ndiyo inayowaambia wenye kiwanda kama kuna kilichomwagika, kunyauka, ama kuibwa njiani; na faili nalo lipimwe pande zote mbili. Kipimo cha kwanza ni ukubwa wake kwa baiti, na paramiko, katika amri yake ya put, hukifanya yenyewe baada ya kupeleka, ikauliza seva ukubwa wa kilichofika na kulalamika ukitofautiana. Lakini ukubwa hautoshi, kwa kuwa mafaili mawili yaweza kulingana baiti na kutofautiana maneno. Kipimo cha pili, basi, ni muhtasari wa SHA-256, tarakimu na herufi 64 zinazokokotolewa kutoka katika kila baiti ya faili, hata kilo 12 zikigeuka 13 muhtasari wote hubadilika. Upande wako utaupata kwa hashlib ya Python; upande wa seva, ikiwa akaunti yako yaruhusiwa kutoa amri, iambie itekeleze sha256sum na usome jibu; na ikiwa akaunti ni ya SFTP pekee, lisome faili tena kutoka kwenye seva ukokotoe mwenyewe. Mistari 800 yenye herufi 60 kila mmoja ni kilobaiti 48 hivi, na gharama ya kuisoma mara ya pili haimfilisi mtu.

Muhtasari wa pande mbili ukilingana, na jina la kudumu likishawekwa, ndipo faili la kituoni lihamishwe kutoka folda ya yanayongoja kwenda folda ya yaliyofika. Kabla ya hapo lisiguswe, na hata baada ya hapo lisifutwe mpaka malipo ya mwezi huo yamekwisha kufanywa. Diski ni rahisi.

Sasa juu ya kujaribu tena. Skripti ikishindwa, isikate tamaa wala isiwe na pupa. Ipe kikomo cha kusubiri kila inapounganisha, kwa sababu maktaba maarufu ya requests, mathalani, usipoipa kikomo yaweza kusubiri milele, na asubuhi ukaikuta ingali imeshikilia simu ambayo upande wa pili ulikwisha kuitupa. Ikishindwa, ingoje dakika 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, hadi nusu saa, na juu ya kila muda iongeze sekunde chache za kubahatisha. Sekunde hizo si pambo. Umeme unaporudi katika eneo zima la Bureti kwa wakati mmoja, kompyuta zote za vituo huamka pamoja, na zisipotawanywa zote zitaugonga mlango wa seva katika dakika ile ile, zikaiangusha, zikangoja muda ule ule, zikaigonga tena. Kadhalika weka kizuizi cha kuhakikisha kwamba skripti mbili haziendi kwa pamoja, ile ya saa kumi na moja jioni ikiwa bado inahangaika wakati ile ya saa kumi na mbili inapoamka.

Katika kujaribu tena kuna mtego uliofichika. Yamkini faili limefika salama, lakini jibu la seva likapotea njiani mtandao ulipokatika. Skripti haikupata jibu, ikadhani imeshindwa, ikapeleka mara ya pili. Ikiwa kila upakiaji hupewa jina jipya, labda lenye saa ya kupakiwa, seva itakuwa na mafaili mawili ya siku moja, na mkulima atahesabiwa kilo mara mbili. Atafurahi kwa mwezi mmoja, na mwezi wa pili atakatwa, na hapo maneno yataanza. Kwa hiyo jina la faili litokane na kile kilichomo, wala si na saa ya safari: namba ya kituo, tarehe ya mizani, na zamu, mathalani kituo07-2025-03-14-asubuhi.csv, na jina hilo lisibadilike hata faili likipelekwa mara mia. Skripti ikikuta seva ina jina hilo na muhtasari ule ule, ihesabu kwamba kazi ilikwisha na iende zake. Ikikuta jina hilo na muhtasari tofauti, isimame na kumwita mtu, maana ama karani amesahihisha rekodi, ama kuna anayezichezea, na hukumu ya hayo si ya mashine. Ndiyo sababu napendelea rename inayokataa.

Tarehe nazo zina hila yake. Seva nyingi huwekwa katika saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa 3, na faili lililopakiwa saa saba za usiku wetu litagongwa tarehe ya jana. Basi tarehe ya malipo isisomwe kamwe kutoka katika saa ya seva. Na kwa kuwa sisi twahesabu saa kuanzia mapambazuko, nimeona daftari ambamo karani mmoja aliandika saa mbili akimaanisha asubuhi na mwenzake wa kituo jirani akaandika 8:00 kwa jambo lilo hilo. Ndani ya faili ziandikwe saa 24, kwa mtindo mmoja, vituo vyote. Na faili lisifunguliwe kwa Excel kabla ya kupakiwa, hata kwa kuchungulia tu na kulihifadhi tena, kwa maana Excel huiondoa sifuri ya mwanzo wa namba ya simu, na malipo ya M-Pesa hayapendi namba pungufu.

Tuje kwenye funguo. Nenosiri lililoandikwa ndani ya skripti halikawii kuenea, kwa sababu skripti hunakiliwa kutoka kituo hadi kituo, hutumwa kwa WhatsApp mtu anapoomba msaada, na huachwa katika kompyuta iliyouzwa. Tumia jozi ya funguo za SSH, zinazotengenezwa kwa ssh-keygen, ambapo ufunguo wa siri hukaa kituoni na ule wa umma huwekwa kwenye seva. Kila kituo kiwe na jozi yake, wala si jozi moja kwa chama kizima. Maana kompyuta ya kituo kimoja ikiibiwa, utaufuta ufunguo mmoja kwenye seva na vituo vingine vitaendelea na kazi asubuhi. Na akaunti inayofunguliwa na ufunguo huo iwe na folda moja tu ya kutia mafaili, isiweze kuona mengine.

Kuna na upande wa pili wa funguo, ambao wanafunzi wengi huuruka: seva nayo yapaswa ijithibitishe kwako. Kila seva ya SSH ina ufunguo wake wa utambulisho, na paramiko, kwa asili yake, huikataa seva isiyoijua. Mwanafunzi akikutana na katazo hilo hutafuta dawa, akaambiwa aandike AutoAddPolicy, na lalamiko likaisha. Lakini alichofanya ni kuiambia skripti iiamini seva yoyote itakayojitokeza, hata ya mdanganyifu. Uchukue ufunguo wa seva mara moja, kwa njia unayoiamini, uuweke katika orodha ya zinazojulikana, na uache katazo likae. Siku skripti itakapokataa kwa sababu ufunguo umebadilika, mpigie simu mwenye seva kabla ya kufanya lolote.

Huenda chama chako hakina SFTP ila kina tovuti ya PHP ya kukodi, na mafaili yapokewe kwa njia ya HTTPS. Yawezekana. Ila ujue kwamba PHP, usipoibadilisha, hukubali faili lisilozidi megabaiti 2 na ombi zima lisilozidi megabaiti 8. Faili likizidi kikomo cha kwanza utapata namba ya kosa 1. Ombi likizidi cha pili, orodha ya mafaili huja tupu kabisa, na skripti ya kupokea isiyouliza kisa itasema hapana kilichotumwa. Tarakimu za majani hazitafika huko, lakini picha za risiti zilizopigwa kwa simu zafika kwa urahisi. Aidha, usiliamini jina la faili alilolileta mgeni: lipe jina lako mwenyewe, kataa kila kiambishi usichokitarajia, na ulihifadhi nje ya folda inayosomwa na umma, maana faili la .php lililopokelewa bila kukaguliwa na kuwekwa mahali pa wazi humpa aliyelileta uwezo wa kuiamuru seva yako.

Gharama ya bando sitaisemea sana. Mafaili ya maandishi hubanwa kwa gzip yakapungua mno, na picha zipunguzwe ukubwa kituoni kabla ya safari. Anayehamisha folda nzima zenye mabadiliko machache asijiandikie skripti yake mwenyewe. Rsync, kazi ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras ya mwaka 1996, hupeleka zile sehemu zilizobadilika tu, na hapana mwandishi wa kituoni atakayeishinda.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 yawahusu wanaofanya kazi hii, wajue au wasijue. Jina la mkulima, namba yake ya kitambulisho, simu yake na kiasi anacholipwa ni habari zake binafsi. Anayezikusanya apaswa kuzilinda, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Njia bora ya kulinda ni kutozibeba: faili la kila siku latosha kuwa na namba ya mkulima na kilo zake, na majina yakabaki kwenye seva yalikokwisha kuandikishwa.

Neno ambalo halimo katika mafunzo mengi ni hili, kwamba kituo kilichokufa hakiwezi kuripoti kifo chake. Skripti yako yaweza kuandika daftari zuri la matukio, ikatuma ujumbe wa simu kila inaposhindwa, na yote hayo yasifae kitu siku ambayo radi imeichoma kompyuta yenyewe. Kwa hiyo ulinzi wa mwisho ukae upande wa seva: iwe na orodha ya vituo vyote, na kila usiku, tuseme saa tatu, imtumie mtu mmoja anayejulikana kwa jina orodha ya vile ambavyo faili lao halijaonekana. Hata vyote vikifika, ujumbe na uende kusema vyote vimefika. Maana ukizoea kwamba kimya ni heri, hutatambua siku ambayo mtoa ujumbe mwenyewe ameanguka.

Na kabla ya kuikabidhi skripti kwa kituo chochote, ijaribu bila huruma. Chomoa modemu katikati ya faili kubwa. Zima kompyuta kwa kukata umeme, si kwa kuiaga. Jaza diski ya seva mpaka ikatae. Rudisha saa ya kompyuta nyuma mwaka mzima, kama zifanyavyo mashine kongwe ambazo betri yake ndogo imekwisha, uone HTTPS itakavyovikataa vyeti vya seva na skripti itakavyolieleza jambo hilo. Peleka faili lile lile mara mbili, kisha ubadilishe kilo ya mkulima mmoja ulipeleke mara ya tatu. Yafanye hayo Januari au Februari, majani yanapopungua kwa jua, ili makosa yapatikane kabla mvua hazijajaza vituo. Nao viongozi wa vyama, ambao hupenda kuuliza kazi itakwisha lini, nawasihi wazihesabu siku za majaribio hayo kuwa sehemu ya kazi, na wazilipie.